Swali Ambalo Shangazi Hakulijibu

Kibingo, Kyerwa
5 Machi 2023

Shangazi yangu Benitha,

Shikamoo. Huku mvua zimeanza vizuri na maharage yameshatoka ardhini. Baba anakusalimu. Goti bado linamsumbua, lakini Jumapili alitembea mwenyewe mpaka kanisani Kamuli akarudi. Mnyauko umemaliza nusu ya migomba ya kibanja chake; ameing'oa na kuichoma moto, na tangu siku hiyo haongei sana. Mume wangu Dusabe hajambo, mama yake Mukamusoni hajambo. Kitinda mimba wetu, Mugisha, ametimiza miezi mitatu.

Naandika badala ya kupiga kwa sababu simu ni ya Dusabe, na ikilia hapa nyumba nzima husikiliza. Barua nitampa Rwegoshora, yule mwenye duka pale Nkwenda anayepokea mizigo ya mabasi, naye atampa kondakta wa basi la Mwanza. Ukijibu, pitishia kwake.

Ni kuhusu Ainembabazi. Mwezi wa sita anatimiza miaka minne, lakini ukimsimamisha na mtoto wa jirani wa miaka miwili wanalingana. Miguu imepinda kwa nje. Akisimama, magoti hayakutani, napitisha ngumi zangu mbili katikati. Kituo cha afya walisema ni matege. Wakampa vitamini na vidonge vya kalsiamu, wakaniambia nimwoteshe jua, nimpe dagaa na maziwa. Nimefanya hivyo miezi mitano bila kuruka siku. Amekuwa mweusi kwa jua, miguu iko vilevile, nadhani hata imezidi. Asubuhi anatapika. Anakunywa maji kama mtu mzima aliyetoka kulima, na usiku analowesha kitanda mara tatu, mara nne.

Mama mkwe anasema kwao Rwanda walikotoka hajawahi kuona miguu ya namna hii, kwa hiyo imekuja na ukoo wangu. Nilipomwuliza baba alisema, "Benitha naye alikuwa na mtoto wa miguu hiyo." Kisha akachukua jembe akatoka. Mimi sikuwahi kusikia kama ulizaa. Ni kweli, shangazi? Kama ni kweli, mtoto alikuwa na nini, na mwisho wake ulikuwaje?

Mwanao,
Kemigisha

Mwanza
2 Aprili 2023

Mwanangu Kemigisha,

Marahaba. Kondakta alikaa na barua yako siku tisa, akaniletea ina doa la mafuta ya taa. Mimi ni mzima. Bado nadeki na kufua mashuka wodi ya watoto, nimebakiza mwaka mmoja na nusu nistaafu. Mwambie kaka Kahigi pole kwa migomba. Mwambie pia aache kutembea na lile goti, kanisa halitahama.

Sasa sikiliza. Wodini kwetu aliwahi kulazwa mtoto kutoka Sengerema mwenye matege ambayo vitamini hazikuyagusa. Nilikuwa napiga deki pale daktari alipomweleza mama yake, na nilisimama na fagio langu nikasikia yote. Alisema kila tunachokula kinaacha asidi kidogo mwilini, na figo ndizo zinazoitoa kwa njia ya mkojo. Kuna watoto wanazaliwa na figo zisizoweza kazi hiyo. Asidi inabaki kwenye damu, na mwili, ili kuipoza, unachota madini ya mifupa. Mifupa inalainika, inapinda. Hapo hata ukimmwagia mtoto vitamini ndoo nzima, ni bure, maana tatizo haliko kwenye mifupa.

Nimemsomea daktari huyo barua yako. Amesema mlete, apimwe damu na mkojo. Dawa ipo. Ni ya kunywa mara kadhaa kila siku, miaka yote, lakini ipo, na yule wa Sengerema sasa anakimbia.

Nijibu haya. Je, kuna asubuhi anaamka amelegea, hawezi hata kunyanyua kichwa? Je, choo kinamsumbua? Na ukimwita kwa nyuma, akiwa hakuoni uso, anageuka?

Na usimnyime maji. Hata godoro likioza, usimnyime maji.

Hilo jingine uliloniuliza ni la zamani.

Shangazi yako,
Benitha

Kibingo
14 Mei 2023

Shangazi,

Shikamoo. Salamu zako zilifika na baba alicheka kwa lile neno la kanisa, mara ya kwanza tangu achome migomba. Kahawa imeanza kuiva. Mugisha anaanza kujigeuza mwenyewe, ila hanenepi kama wenzake.

Nilimsomea Dusabe kile kipande cha figo. Akasema, "Tutakwenda. Ngoja kahawa itoke mtini." Si mtu mbaya, shangazi. Lakini tukiiacha kahawa sasa itaanguka na kuozea chini, na hatuna kitu kingine.

Umeuliza kuhusu kulegea. Ndiyo, imetokea mara mbili. Asubuhi miguu ilikuwa kama si yake, nikambeba mpaka mchana, jioni akasimama. Choo ni kigumu, anakaa siku nne. Kuhusu maji, mama mkwe ndiye anayeificha ndoo jioni kwa ajili ya godoro. Nimejaribu kusema naye.

Mpaka sasa hujanijibu kuhusu mtoto wako.

Mwanao,
Kemigisha

Mwanza
30 Mei 2023

Kemigisha,

Marahaba. Mimi mzima. Sina salamu nyingi leo.

Nilikuuliza mambo matatu, umenijibu mawili. Kama anasikia au hasikii, hukusema. Najua maana ya mtu kuliruka swali, kwa hiyo nauliza tena.

Mwambie mkweo ndoo ikae wazi. Mtoto mwenye ugonjwa huu anakojoa kwa sababu figo haziwezi kushika maji. Hakojoi kwa sababu amekunywa. Anakunywa kwa sababu anakojoa. Daktari anasema pia kuna chumvi ya mwili inayopotea na mkojo, na ikipungua sana ndipo misuli inalegea. Ikilegea misuli ya miguu, utambeba. Ikilegea ya kifua je?

Kahawa Dusabe anaweza kuivuna na mama yake. Wewe panda basi na watoto wote wawili. Tarehe ishirini ya mwezi wa sita nitakuwa stendi ya Nyegezi tangu saa nane mchana. Na mtu asikudanganye kwamba kwa kuwa dawa hii ina undugu na magadi, umpe magadi ya kupikia maharage. Usithubutu.

Ya zamani yaache.

Benitha

Mwanza
9 Julai 2023

Mwanangu Kemigisha,

Nilisimama Nyegezi tarehe ishirini mpaka basi la mwisho likashusha mtu wa mwisho. Nikaenda tena tarehe ishirini na moja. Nikapiga simu ya Dusabe. Alisema wote wazima, kahawa imekuwa nyingi, mtakuja mwezi wa nane. Nilisikia sauti za watu nyuma yake, nikashindwa kusema nililotaka kusema. Nalisema hapa.

Nilizaa mmoja. Aliitwa Benjamin. Nilikuwa nimeolewa hapo hapo Nkwenda. Alipoanza kusimama miguu ilipinda, na baba mkwe akasema ukoo wa kina Kahigi umeleta laana nyumbani kwake. Mtoto alikuwa anakunywa maji hata ya kuoshea vyombo. Kila asubuhi nilianika malalo yake uani, na wapita njia walikuwa wananicheka. Nikaanza kufunga kifuniko cha mtungi kwa kamba jua likizama. Baadaye nikafunga na mchana.

Alikuwa anaenda anashika ile kamba, anaivuta, ananitazama. Nilikuwa nikimwita hageuki. Nilimpiga kwa ukaidi, Kemigisha. Hakuwa mkaidi. Alikuwa hasikii. Nimekuja kulijua hilo wodini, miaka mingi baadaye, daktari aliposema wengine wa ugonjwa huu masikio nayo hufa. Nilitoka nje na ndoo yangu ya deki nikakaa kwenye ngazi.

Ilikuwa mwezi wa nane mwaka 1991, jua kali. Asubuhi nilimkuta amelala kando ya mtungi, mkono uko kwenye kamba. Macho yalikuwa wazi, yananitazama, lakini hakuweza kuinua hata kidole. Nilimpa maji, yakatoka pembeni ya mdomo. Alikufa kabla watu hawajaenda shamba. Alikuwa na miaka minne. Wakwe walisema laana imemaliza kazi yake. Mimi nilijua nani aliyeimaliza. Nilimwomba kaka asinitaje kamwe na mtoto huyo katika sentensi moja, nikapanda lori la mkaa nikaja huku.

Hili ndilo jibu la swali lako. Fungueni hiyo ndoo leo, msingoje kesho, kisha mje.

Benitha

Kibingo
13 Agosti 2023

Shangazi,

Shikamoo.

Ainembabazi tulimzika tarehe 25 Julai. Najua baba alikupigia. Najua ulitaka kuja na nikamwambia akuzuie. Sikuweza kukuona.

Barua yako ya tarehe tisa ilifika Nkwenda, lakini Rwegoshora alikuwa amefunga duka, amekwenda kumzika kaka yake ng'ambo ya mpaka. Alifungua tarehe 28. Akaileta mwenyewe kwa pikipiki, na alipoona majani ya msiba uani hakushuka. Alinikabidhi akiwa juu ya pikipiki, akasema pole, akaondoka. Niliisoma nimesimama.

Nitakueleza ilivyokuwa. Mama mkwe alikwenda Nkwenda wiki nzima kumwuguza binti yake aliyejifungua. Alirudi Jumapili jioni. Jumatatu asubuhi mtoto hakuweza kunyanyua kichwa. Nilidhani ni kama zile mara mbili. Mama mkwe alimwangalia akasema, "Leta kanga." Akamfunga mgongoni tukaanza kupanda kwenda barabarani, Dusabe ametangulia kutafuta bodaboda. Katikati ya kilima mama mkwe alisimama. "Kemigisha," akasema, "mtoto hajishiki." Nikaenda nyuma yake nikamshikilia kwa mikono yangu, tukapanda hivyo. Kituoni walimwekea dripu, wakaita gari la kwenda hospitalini Karagwe. Nilikuwa nimempakata. Alikuwa anapumua juu juu, kama kuku aliyefungwa kwenye joto, halafu nafasi kati ya pumzi na pumzi zikawa ndefu. Hatukufika Karagwe.

Sasa nililokuficha. Nilikuandikia kwamba mama mkwe ndiye aliyekuwa anaificha ndoo. Si kweli. Ni mimi.

Tunalala kitanda kimoja, mimi na watoto wote wawili. Mugisha alikuwa analoa, anakohoa, na kila siku nilifua kabla ya kwenda kuchuma kahawa. Nilikuwa nimechoka, shangazi. Sina neno jingine. Nilianza usiku tu, halafu na jioni, halafu wiki ile nilipokuwa peke yangu nikaiweka ndoo juu ya dari hata mchana. Mama mkwe, yule niliyemsingizia kwako, alikuwa anampa maji kwa siri nyuma ya jiko kwa kikombe chake mwenyewe. Ameniambia baada ya mazishi. Alidhani najua, na kwamba nimeamua kunyamaza. Ndiyo maana Ainembabazi aliishi mpaka mwezi wa saba.

Na kuhusu kusikia. Nilijua tangu ana miaka miwili. Nilikuwa nakanyaga sakafu kwa kishindo, yeye anasikia kwa nyayo anageuka, na watu wanadhani ameitika. Sikutaka waseme nimewaletea kiwete na kiziwi kwa mpigo. Ndiyo maana nililiruka swali lako, na ndiyo maana tarehe ishirini sikuja. Dusabe alishakubali nije. Ni mimi niliyesema kahawa kwanza. Niliogopa daktari atalitaja la masikio mbele ya watu.

Nimeyasema yangu. Sasa la kwako. Nilikuuliza mwezi wa tatu. Uliandika usimnyime maji, na nikasoma nikadhani ni maneno ya watu wa mjini wenye bomba ndani na magodoro mawili. Ungeniambia mwezi wa nne kwamba Benjamin alikufa mkono kwenye kamba, nisingeigusa ile ndoo. Uliniandikia mara mbili bila kuniambia.

Kemigisha

Mwanza
27 Agosti 2023

Kemigisha,

Pole, mwanangu. Mpe pole Dusabe. Mpe pole Mukamusoni, na umwambie nimesema asante.

Ulilosema ni kweli. Nilikuwa na maneno hayo miaka thelathini na miwili, na ulipoyahitaji niliona aibu yangu ni nzito kuliko mtoto wako. Sitakuomba unisamehe kwa barua.

Lakini kuna jambo haliwezi kungoja tupatane. Mwezi wa tano uliandika kwamba Mugisha hanenepi. Nilimweleza daktari yote, la Benjamin na la Ainembabazi. Alisema ugonjwa huu hautoki kwa mama peke yake wala kwa baba peke yake. Lazima utoke pande zote mbili, kila mzazi ameubeba bila yeye kuumwa, na wakikutana, kila mtoto wanayemzaa anaweza kuwa nao. Si laana ya kina Kahigi. Si ya kina Dusabe. Mwambie mkweo, na umwambie kwa upole, maana naye itamuuma.

Mugisha anatapika? Anakojoa sana? Usiniandikie jibu. Njoo nalo. Hata kama hutaki kuniona uso, njoo. Nitampa daktari kiti changu mimi nikae nje.

Benitha

Kibingo
3 Desemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Tulirudi nyumbani salama kutoka kwako. Kivuko cha Busisi kilichelewa, Mugisha akalala njia nzima na chupa ya dawa imefungwa kwenye leso kifuani kwangu. Senene wameanza, watoto wa jirani wanakesha chini ya taa za soko wakiwakamata. Baba amepanda migomba mipya mahali pa ile aliyochoma, mbegu ya ofisi ya kilimo, na anailinda kama mwali. Nilimwambia unaruhusu sasa jina la Benjamin litajwe. Akanionyesha kwa kidole upande wa Nkwenda, akasema alikuwa mtoto wa kucheka sana.

Mugisha ameongezeka uzito. Anakaa mwenyewe sasa. Dawa anapata mara nne, na Mukamusoni ndiye anayeipima. Haniachii mimi wala Dusabe, anashika lile bomba la sindano lisilo na sindano kwenye mwanga wa mlango mpaka mstari ukae sawasawa. Siku ile nilipomwambia kwamba ugonjwa unatoka pande zote mbili, aliingia chumbani kwake akakaa humo mpaka jioni. Alipotoka alisema kwa Kinyarwanda kitu ambacho Dusabe hakunitafsiria, kisha akaanza kumenya ndizi.

Kwa vile vipimo vya masikio ulivyosema, tutarudi huko mwezi wa pili. Naogopa, lakini safari hii naogopa huku najua. Kuna siku bado nakanyaga sakafu kwa kishindo nikiingia ndani. Mguu wenyewe unafanya. Hakuna anayegeuka.

Wiki tatu nilizokaa kwako hatukulizungumza lile lililo kati yetu. Ulikuwa unaamka kabla yangu kunichemshia uji, mimi nakunywa, unakwenda kazini. Nilijua unangoja. Sijui kama nimekusamehe. Najua tu kwamba siwezi kukuhukumu peke yako na mimi nikabaki nje.

Naandika kwa sababu ya jambo lililotokea Alhamisi. Mukamusoni alisikia sokoni kuna mwanamke kule Kamuli, anaitwa Vestina, ana binti wa miaka mitatu mwenye matege yasiyosikia vitamini. Nikaenda. Nilimkuta anaanua kahawa. Nilimweleza habari ya figo na asidi kama daktari alivyonieleza. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayengoja mgeni amalize aondoke. Akasema, "Asante dada. Tutaona baada ya sikukuu."

Nilikuwa nimeshaaga. Nilikuwa nimefika kwenye ua. Nikarudi, nikakaa chini kwenye turubai lake la kahawa, nikamwambia yote. Nilimtajia Ainembabazi na dari. Nilimtajia Benjamin na kamba, na sikukuomba ruhusa. Nilimwambia, "Mimi nilimnyima mwanangu maji wiki nzima akafa, na sikuwa mama mbaya. Nilikuwa mama aliyechoka ambaye hakuna mtu aliyemwambia ukweli mapema."

Vestina alisimama. Uso alikuwa ameukunja, nikadhani atanifukuza. Alisema, "Toka nyumbani kwangu," na nikatoka. Nililia njia nzima mpaka Kibingo.

Jana asubuhi, umande haujakauka, Mukamusoni aliniita nje. Vestina alikuwa amesimama njiani na binti yake mgongoni. Amevaa viatu vya kanisani, mkononi ana mfuko wa nguo. Hakunisalimu. Alisema, "Nilikuwa namfungia maji chumbani. Hakuna mtu anayejua. Hata mume wangu hajui." Kisha akauliza basi linaondoka saa ngapi.

Barua hii naituma leo na kondakta. Nimemwambia akukabidhi mkononi leo hii hii. Kesho tunapanda basi la kwanza. Mwezi wa pili ni mbali mno kwa Vestina, na peke yake hawezi kwenda. Tupokee Nyegezi. Utaona wanawake wawili na watoto wawili. Vestina ataona aibu kusema mbele ya daktari, kwa hiyo ingia naye wewe, usikae nje.

Mwanao,
Kemigisha